Baridi ya Aprili

Chablis, Jumatano 31 Machi

Joto. Joto la kuvua sweta, na Machi haijaisha! Wenzangu wanaimba shambani. Mzee mwenye shamba haimbi. Amepita mstari kwa mstari akigusa macho ya mizabibu. Yamevimba, mengine yameshafunguka, yana manyoya meupe. "Mapema mno," kasema, akaenda zake. Mchana hakuja kula.

Jumatatu ya Pasaka, 5 Aprili

Sikukuu ya wengine. Tumeshinda shamba la Les Clos tukipanga ndoo za mishumaa ya kufukuza jalidi, mia tatu na zaidi kwa hekta. Mgongo umekufa. Bondeni, karibu na mto Serein, jirani wamejaribu mabomba: watanyunyiza usiku kucha, maji yagande juu ya chipukizi, na kule kuganda kutoe joto kidogo linalotosha kulilinda lililo ndani. Nimeelezwa, nimeelewa, na bado moyo unakataa.

Baba kapiga simu kutoka nyumbani, Hombolo. Zabibu zimeiva zote, mnunuzi haonekani. Yeye jua, mimi baridi. Nikamwambia tuombeane.

Jumatano, 7 Aprili

Tuliwasha saa tisa usiku. Nyuzi tano chini ya sifuri. Kilima kizima vimoto, moshi machoni, hakuna anayesema neno. Jua lilipochomoza saa moja hofu ikazidi, maana chipukizi lililoganda likipigwa na jua ghafla linaungua.

Mzee alitoa kisu kidogo. Akapasua jicho moja: kijani. La pili, kahawia. La tatu, kahawia. La nne pia. Akafunga kisu. Sikuweza kumtazama usoni. Mwanawe akataja 1957, mavuno yaliyokwisha karibu yote, enzi za babu yake.

Mikono inanuka mafuta hadi sasa. Na usiku wa leo tena.

Jumapili, 11 Aprili

Nimelala mchana kutwa. Jioni tukaitwa ghalani chini. Mzee kafungua chupa ya Les Clos ya 2016, mwaka mwingine wa jalidi. Haikuguswa na pipa, tangi la chuma tu. Zabibu za Chardonnay tupu.

Mungu wangu. Kavu, haina hata chembe ya sukari. Kwanza ukali wa ndimu, halafu kitu cha chumvi kinachobaki kwenye fizi, kama maji ya kisima yaliyochotwa sasa hivi kwenye mwamba. Mate yalijaa mdomoni. Nikaomba tena.

Mezani lilikuwepo bonge la udongo wa shambani. Limejaa chaza wadogo, ukubwa wa kucha, waliogeuka mawe tangu bahari ilipokuwa hapa, miaka milioni 150 hivi. Watu wanapenda kusema ndio unaowaonja kwenye glasi. Wanajiolojia wanakataa, jiwe halipandi kwenye mizizi likaja na ladha yake. Nipo nao. Mimi naonja baridi. Baridi ndiyo inayoiacha zabibu na ukali wake. Kwetu, tunakovuna mara mbili kwa mwaka, jua linaumaliza mapema. Kwa hiyo baridi iliyotuua Jumatano ndiyo ileile niliyokuwa nainywa. Siwezi kuichukia. Nimejaribu.

Jumapili, 20 Juni

Maua! Madogo, unayapita usiyaone. Machipukizi ya pili yametoka lakini vishada haba. Mvua haikatiki, ukungu umeingia majanini. Baba ameuza, kwa bei ya kutupa. Nililia chooni.

Jumanne, 21 Septemba

Les Clos kwa mkono, kwingine mashine. Kuna mizabibu nimeiinamia nikakata kishada kimoja, mingine hakuna. Makreti yamejaa robo ya trela. Lakini nimeitafuna punje: ngozi ngumu, utamu mchache, ukali umenifumba jicho moja. Nikamkimbilia mzee na kishada mkononi. Akatafuna, akatema mbegu, akacheka kwa sauti! Mara ya kwanza tangu Machi.

Kesho shamba la Montmains, saa moja asubuhi. Mkasi unataka kunolewa.