Uzito na Uhafifu wa Besi

Katika vyombo vya dansi hapana chombo kifanyacho kazi kubwa kwa sifa ndogo kama gitaa la besi. Mcheza dansi arudipo nyumbani usiku humsifu mwimbaji, husifu solo na tarumbeta. Miguu yake ilikwenda kwa amri ya besi, lakini hana habari. Mpiga besi huridhika na hali hiyo, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoichagua. Asiloridhika nalo, hasa umri wake ukipita miaka arobaini, ni uzito wa mashine ziipazo besi yake sauti.

Uzito huo haukuja bure. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde, na katika besi ya nyuzi tano uzi wa chini kabisa hutikisika kiasi cha mara 31. Sikio la mwanadamu ni zito kwa sauti za chini namna hiyo; Fletcher na Munson, wataalamu wa Marekani, walilipima jambo hili na kulitangaza mwaka 1933. Kwa hiyo besi ikitaka kusikika sawa na gitaa jingine hudai nguvu nyingi zaidi. Leo Fender alipolitoa gitaa lake la besi la umeme huko California mwaka 1951, mpigaji alitua mzigo wa ile besi kubwa ya mbao ipigwayo kwa kusimama, kisha akatwikwa mwingine. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa amplifaya iitwayo SVT, yenye nguvu ya wati 300 na vali kumi na nne, na uzito wake peke yake ulikaribia kilo 40. Boksi la spika nane lililozoeleka kufuatana nayo lipo hata leo, na huzidi kilo 60. Sauti yake ni tukufu. Migongo iliyoibeba ni habari nyingine.

Zamani mzigo huo haukuwa wa mpigaji. Katika Tanzania bendi nyingi zilikuwa na mwenyewe: chama, shirika, jeshi au mfanyabiashara. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwenye bendi ndiye aliyenunua vyombo, na gari ndilo lililovibeba. Mpigaji alikuja na vidole vyake. Desturi hiyo haikufutika kabisa, lakini leo wako wapigaji wengi wa kukodiwa, waendao harusini leo na hotelini kesho, kila mmoja na vyombo vyake ndani ya bajaji. Mtu wa namna hii akishindwa kuinua mashine yake ameshindwa kazi.

Mpiga besi mmoja wa Dar es Salaam alifikishwa hapo na ngazi. Mashine yake ya transista ilikuwa na kilo 22, na ukumbi uliompa riziki ya kila wiki ulikuwa ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Daktari alikwisha kumwambia achague baina ya mgongo na mashine. Alikuwa amesikia habari za amplifaya nyepesi, zenye wati 500 na uzito usiofika kilo tatu, lakini aliziogopa. Hofu yake ilikuwa ya watu wengi, nayo imo hata ndani ya lugha. Neno hafifu lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya chepesi tu. Kiswahili kililipokea kikalitia dharau, likawa jina la kitu kisichofaa. Kinyume chake mtu mzito ni mtu wa heshima, na neno zito ni la kusikilizwa. Mtu aliyekulia katika lugha hiyo akipewa chombo cha kilo tatu hukipima kwa mkono, akakidharau kabla hajakisikia.

Hata hivyo uzito wa mashine yake ulikuwa na mahali pake maalumu. Umeme wa ukutani nchini Tanzania ni wa volti 230, nao hugeuka mara 50 kwa sekunde. Transfoma ya kupokea umeme ugeukao polepole namna hiyo haina budi kuwa na chuma kingi na shaba nyingi. Katika mashine nyepesi umeme huo hunyooshwa kwanza ukawa wa mwelekeo mmoja, kisha hukatwakatwa mara makumi elfu, hata laki na zaidi, kwa sekunde. Na kwa umeme uendao mbio hizo transfoma ndogo ya kuenea kiganjani hutosha. Hila ya pili ni ya transista zenyewe. Katika mashine za zamani transista hukaa nusu wazi, kama bomba la maji lililofunguliwa kidogo, na nguvu nyingi hupotea kuwa joto. Nalo joto hudai mabamba mazito ya alumini ya kuliondosha. Katika amplifaya za daraja la D transista ama imefunguka yote ama imefungika yote, mara laki kadhaa kwa sekunde, na umbo la sauti hutokana na urefu wa muda wa kufunguka. Joto likawa dogo, mabamba yakawa madogo. (Wauzaji hupenda kusema kuwa D hiyo ni ya dijitali. Si kweli, ni herufi iliyofuata C.) Amplifaya ya vali ni shauri jingine, kwa maana transfoma yake ya kutolea sauti hushiriki katika ladha. Lakini katika mashine ya transista kama ile, kilo zilizoondoka ni za chuma, shaba na alumini, na sauti haikuwa ndani yake.

Baada ya kulielewa hilo, mpiga besi alikutana na swali gumu zaidi, yaani anunue nini. Amplifaya ina kazi mbili, ijapokuwa aghalabu hufichwa katika sanduku moja. Kuna priamplifaya, ambayo huupokea umeme dhaifu wa gitaa na kuupa tabia: unene, ukali, mkwaruzo. Kisha kuna amplifaya ya nguvu, ambayo huichukua tabia hiyo na kuizidisha mpaka isukume spika. Ya kwanza huchaguliwa kwa sikio. Ya pili ni hesabu, na mtu aichaguaye kwa sikio dukani hudanganyika upesi.

Katika hesabu hiyo wati ndizo zinazopoteza watu. Kutoka wati 250 mpaka 500 ni ongezeko la desibeli 3, nalo husikika, lakini si sana. Sauti ya kuhisiwa kuwa kubwa mara mbili hutaka nguvu kiasi cha mara kumi. Spika iliyo hodari kwa desibeli 3 kuliko nyingine huleta faida ile ile bila kuongeza wati hata moja, na kwa sumaku za neodimi, zilizovumbuliwa katika miaka ya 1980, yaweza pia kuwa nyepesi. Fedha zingine basi zibaki kwa ajili ya boksi. Omu nazo ni za kuangaliwa. Maboksi mawili ya omu 8 yakiungwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya ya njia mbili ikiunganishwa kuwa moja, kila njia huuona mzigo kwa nusu yake: omu 4 huwa 2, na nyingi hazikuumbwa kustahimili hayo. Tena amplifaya ya nguvu hutaka kulishwa kiasi cha volti moja au zaidi ili itoe nguvu zake zote, ilhali priamplifaya nyingine za kukanyaga kwa mguu hutoa umeme mdogo kama wa gitaa lenyewe. Mnunuzi asiyeliuliza hili atakuwa na wati 500 na kusikia 50, kisha atasema vyepesi ni hafifu.

Mpiga besi alikwenda Kariakoo kwa fundi wake wa siku nyingi kutaka shauri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa tena?"

"Haijafa. Mgongo ndio unaokufa. Nataka kuhamia kwenye zile nyepesi."

Mzee alikaa kimya kidogo. "Hii nzito nimeifungua mara sita. Transista ikiungua natia nyingine, unaondoka jioni ile ile. Hiyo nyepesi ikiungua utaniletea kadi yenye vitu vidogo kama chenga za mchele, na macho yangu hayavioni."

"Basi nisinunue?"

"Nunua. Ila viwe viwili, usinunue sanduku moja. Kimoja kikifa, kingine utakipatia mwenzake wa kuazima, uende kazini."

Hoja hii ilikuwa na nguvu kuliko zote alizosikia madukani, maana chombo kizuri kisichotengenezeka katika mji wa mtu ni chombo cha mkopo. Mpiga besi alinunua priamplifaya ya kukanyaga isiyotimia kilo moja, aliyoijaribu kwa gitaa lake mwenyewe na bendi nzima ikipiga. Ile iliyomfurahisha alipokuwa peke yake ilizama mara tumba zilipoingia. Inayo pia njia ya kupeleka sauti moja kwa moja kwa mtu wa mitambo ya ukumbi. Amplifaya ya nguvu ilikuwa ya kilo tatu na nusu, na alisoma kibandiko chake kwanza, kwa kuwa ya volti 120 za Marekani ingeungua siku ya kwanza. Vyote viliingia katika mfuko wa mgongoni.

Mzee alishika kwamba lazima awe na stebilaiza, kwa sababu ya umeme wa jenereta za harusini. Stebilaiza ilipoletwa ilikuwa na kilo saba, na ndani yake mlikuwa na transfoma ya chuma. Walicheka wote wawili. Imewekwa ukumbini ghorofa ya tatu, haishuki. Ile mashine ya kilo 22 iko dukani kwa mzee, imefunikwa kanga, na kijana wa jirani amekwisha kupatana bei ya kuibeba siku itakapohitajiwa.