Jino likiacha kuuma, usidhani limepona

Katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mwenye maumivu ya jino hafungi biashara. Mchukue mama anayeuza vitenge. Ameamka alfajiri shavu linagonga, lakini mzigo wa mteja wa mkoani unatakiwa upande basi jioni, na kodi ya fremu haimsubiri mtu. Jirani yake anamwona ameshika shavu, anafungua pochi. "Pole dada, meza hizi mbili, mchana utakuwa umesahau." Mwingine anampa karafuu aitafune upande ule. Ikifika saa sita maumivu yamepungua, na yeye anaendelea kuhesabu doti.

Majirani hao hawakumdanganya. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi, ambayo hata madaktari wa meno huyatumia katika baadhi ya dawa zao. Vidonge navyo hufanya kazi yake, yaani kutuliza. Lakini kutuliza si kutibu, na hapo ndipo familia nyingi hupotea njia.

Jino huanza kuoza kwa nje. Bakteria wa kinywani hula sukari ya chai, soda na biskuti, kisha hutoa tindikali inayolegeza ganda gumu la jino. Tundu likiwa dogo haliumi. Likifika ndani, kwenye kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, ndipo mtu hakosi usiku wa kulia. Kiini hicho kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, kwa hiyo kikivimba hakina pa kupanukia.

Baada ya siku kadhaa, au wiki, jino linaweza kunyamaza lenyewe. Nyumbani wanamshukuru Mungu. Kumbe kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa, na mshipa uliokuwa ukipiga kelele umekufa nacho. Bakteria hawajaondoka. Sasa wanateremka kupitia mzizi hadi kwenye mfupa wa taya, na huko wanatengeneza usaha. Miezi inaweza kupita bila dalili, au kikatokea kijipu kwenye ufizi, kikapasuka, mtu akasukutua kwa maji ya chumvi na kuona mambo yamekwisha.

Usaha hufuata njia rahisi. Mizizi ya magego ya nyuma ya taya la chini iko karibu na nafasi zilizo chini ya ulimi na chini ya taya. Maambukizi yakiingia huko, uvimbe husambaa pande zote mbili, ulimi huinuliwa juu na nyuma, na njia ya hewa huanza kuziba. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kabla ya kuwapo kwa antibayotiki, wengi walioupata walikufa. Hata sasa mgonjwa anaweza kufa kwa kukosa hewa ndani ya saa chache. Maambukizi ya meno ya juu nayo yanaweza kupanda kuelekea jichoni, na mara chache hufika kwenye ubongo.

Hili si tatizo la nchi maskini peke yake. Mwaka 2007, katika jimbo la Maryland, Marekani, mtoto wa miaka 12 aitwaye Deamonte Driver alifariki baada ya maambukizi ya jino kufika kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu takriban dola 80.

Anayeishi na kisukari ana sababu zaidi ya kuharakisha. Sukari ikiwa juu, mwili hushindwa kupambana na maambukizi, na maambukizi nayo huipandisha sukari. Mwenye tatizo la vali za moyo amweleze daktari wa meno mapema, kwa sababu bakteria wa kinywani wanaweza kupita kwenye damu na kujenga makao moyoni. Mjamzito asiambiwe asubiri mpaka ajifungue; meno yanatibika wakati wa ujauzito, na usaha ndio wenye hatari kwake.

Wapo wanaokwenda duka la dawa na kununua antibayotiki nusu dozi, kwa kuwa ndiyo fedha iliyopo. Uvimbe hupungua, kisha hurudi. Dawa husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina damu tena, hivyo chanzo hubaki palepale. Nusu dozi inazalisha usugu wa dawa. Dawa za maumivu zikimezwa kila siku kwa muda mrefu, nyingi huumiza tumbo na figo.

Tiba hasa ni kuondoa chanzo. Tundu dogo huzibwa, na hiyo ndiyo nafuu kuliko zote. Kiini kikishaathirika, mzizi husafishwa na kuzibwa, au jino hung'olewa, na usaha hutolewa. Wengi huchelewa kwa hofu kwamba kung'oa jino la juu hupofusha macho. Si kweli. Mshipa wa kuonea hauanzii kwenye jino.

Kwa anayefanya kazi Kariakoo, hospitali ya Amana ipo Ilala, na Muhimbili ipo Upanga. Asubuhi moja ya kufunga meza inauma mfukoni, lakini wiki za kulazwa zinafunga biashara na kuhamishia mzigo kwa watoto na ndugu.

Katika familia, anayelala pembeni ndiye huona kwanza. Homa, uvimbe wa shavu unaokua, na mdomo unaokataa kufunguka ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Ulimi ukiinuka, mate yakidondoka kwa kushindwa kumeza, sauti ikibadilika au pumzi ikiwa nzito, au jicho likivimba, msisubiri kupambazuke. Tafuteni usafiri usiku uleule, mgonjwa akae wima, asilazwe chali. Na kama jino lililomsumbua mtu mwezi uliopita limenyamaza bila kutibiwa, muulizeni lini atakwenda kulionyesha.