Kutoka Kyaka Hadi Murongo: Kazi Inayowasubiri Vijana Wetu

Msafiri atokaye Bukoba kwenda Karagwe huvuka Mto Kagera pale Kyaka, ambapo majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja mwaka 1978. Kutoka hapo barabara hupanda vilima vya migomba na mibuni hadi Omurushaka. Njia moja huenda Kayanga, makao makuu ya Karagwe. Nyingine huelekea Nkwenda na Murongo, katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ukifika Murongo, ng'ambo ya mto ni Uganda. Rwanda nayo iko upande wa magharibi.

Kwa ndugu zetu wa huku, mpaka ni mto unaovukwa kwenda sokoni au mazikoni. Maradhi nayo huuvuka bila ya pasi.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, wakimbizi kwa maelfu walihifadhiwa katika kambi za Karagwe, zikiwemo Kagenyi na Kyabalisa. Hapo wenyeji waliiona kwa macho kazi ambayo vyuoni huitwa afya ya jamii ya kimataifa: kusafisha maji, kuchimba vyoo, kuchanja watoto. Mwishoni mwa mwaka 1996 wakimbizi walirejeshwa kwao, na wataalamu wengi wa kigeni wakaondoka na ujuzi wao.

Mitihani haikuondoka. Machi 2023 homa ya Marburg ilizuka Bukoba Vijijini, ikaua watu 6 kati ya 9 waliougua. Januari 2025 ikatangazwa Biharamulo, mkoa huu huu.

Ugonjwa huo huambukiza kwa majimaji ya mwili, hata ya maiti. Hapa ndipo jambo linapozigusa kamati za misikiti, kwani sisi ndio tunaoitwa kuosha na kukafini. Sheria yetu imeweka nafasi ya dharura, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio yake makubwa. Lakini nani atalieleza hilo kwa familia yenye msiba? Kijana anayejua fiqhi ya janaza, anayejua kanuni za kuzuia maambukizi, na anayezungumza Kinyambo, atafunguliwa mlango ambao mgeni mwenye kipaza sauti angefungiwa.

Wazazi wengi wakisikia kazi ya afya huwaza daktari na sindano tu. Wapo pia wafuatiliaji wa milipuko, maafisa afya wa mazingira, wataalamu wa lishe, wa maji na wa takwimu. Wala ngazi za juu si za wengine peke yao. Mei 2025 Profesa Mohamed Janabi, Mtanzania mwenzetu, alichaguliwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, baada ya Dkt. Faustine Ndugulile, aliyechaguliwa mwaka 2024, kufariki kabla ya kushika wadhifa huo.

Ndugu wasomaji, tunachangishana mabati na mazulia ya misikiti, na hilo ni jema. Tuongeze fungu la ada kwa vijana wanaosoma sayansi, mabinti wakiwemo, ili mlipuko mwingine ukija uwakute watoto wa Karagwe na Kyerwa wako tayari, nyumbani na ng'ambo ya mto.

Allah (SW) atuwafikishe. Amin.