Kwizinyeri yetu, na siku umeme ulipomkamata mtoto



Sisi ni wamama watano wa likelemba moja, hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Wawili tunafundisha shule ya msingi, mmoja anauza sambaza, mmoja ni mshonaji, na wa tano ni mama wa mapacha, ambaye anajua kuoka keki kutushinda wote. Mwaka jana tuliacha kupeana zamu kwa miezi mitatu, tukaweka feza pamoja, tukanunua kwizinyeri ya umeme iliyotumika Ulaya: plaki nne juu, furu ya kuokea chini. Tuliiweka kwa mama wa mapacha, kwa sababu nyumba yake ina konteri yake mwenyewe. Shabaha ilikuwa minervali ya watoto. Keki za ubatizo, za ndoa, za proklamasio, zote zinatafutwa katika mitaa yetu, na kuoka kwa makala kulikuwa kunatumalizia faida. Kila mama anajua bei ya mfuko wa makala, na anajua pia kwamba makala mengi yanayotufikia yamekatwa katika pori la Kahuzi-Biega. Umeme wa Ruzizi unatoka hapa karibu. Unapokuwapo.

Tunaandika haya kwa sababu wenzetu wengi wanatuuliza juu ya mashine hizi, na kwa sababu kuna jambo moja tulilolificha ambalo afazali tuliseme.

Siku ya kwanza kuiwasha, plaki mbili zilipata moto, mbili zilibaki baridi, na furu nayo baridi. Kijana fundi aliyeifunga alituambia: «Mama, hizi mbili zimekwisha kufa, na ya furu vilevile. Munipe dola sitini nitawatafutia zingine.» Tulianza kulaumiana. Mshonaji alimwambia mama wa sambaza, ambaye ndiye aliyeichagua kwa muuzaji, kwamba ametununulia maiti. Maneno yalikuwa makali, na siku mbili hawakusalimiana.

Mwishowe tulimwendea mzee mmoja, fundi wa umeme wa zamani, ambaye mjukuu wake tunamfundisha. Tulimsalimu, tukamweleza. Alikuja na multimetri yake ndani ya mfuko wa unga. Hakugusa plaki hata moja. Alikata umeme kwenye dijonkteri, akageuza kwizinyeri, akafungua kifuniko kidogo cha nyuma pale waya mkubwa unapoingia. Akatuita tuangalie.

Alitueleza kwamba kwizinyeri nyingi za Ulaya zimetengenezwa ili zikubali umeme wa fazi tatu au wa fazi moja. Mlemle ndani kuna misumari kadhaa ya kufungia nyaya, na vibao vidogo vya shaba vya kuiunganisha. Nyumba yenye fazi moja tu, kama zetu nyingi, inahitaji vibao hivyo viunganishe misumari yote ya fazi. Bila hivyo, umeme unafika kwenye plaki mbili tu, zingine hazipati kitu. Vibao vyetu vilikuwa mlemle, havijafungwa mahali pake. Mzee alivifunga kwa turnevisi, akawasha. Plaki zote nne zikapata moto, na furu pia. «Iko mzima,» akasema. «Ni kijana ndiye hakusoma mchoro.» Mchoro wenyewe ulikuwa umebandikwa ndani ya kifuniko. Aliongeza kwamba kosa la kinyume chake ni baya zaidi: mtu akifunga fazi mbili mahali pa fazi na netri, plaki inapata karibu volti 400 badala ya 220, na inaungua mara moja.

Dola sitini zilibaki mfukoni. Mama wa sambaza aliombwa msamaha, akaukubali, ingawa hakuusahau.

Tulioka vizuri miezi minne. Kisha usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, taa zikawaka nyeupe kama mchana, mbili zikapasuka. Kesho yake keki zilitoka nyeusi juu na mbichi chini. Hapo hatukulaumiana, tulikuwa tumekwisha kujifunza. Tuliwasha rezistansi ya juu peke yake: ikawa nyekundu. Ya chini peke yake: hakuna. Mzee akatuonyesha namna ya kupima, na hapa sisi walimu tulipata haya kidogo, kwa sababu hesabu yake tuliisoma shuleni na hatukuwahi kuitumia. Ukichukua volti mara volti, ukagawa kwa wati zilizoandikwa kwenye rezistansi, unapata omu zake. Yetu iliandikwa wati 1100. Mia mbili ishirini mara mia mbili ishirini ni 48 400. Gawa kwa 1100, unapata 44. Rezistansi nzima ya namna hiyo inapaswa kuonyesha karibu na 44. Yetu ilionyesha kwamba njia imekatika kabisa. Basi hiyo ilikuwa imekufa kweli.

Kutafuta kipande ndiko kulikotuchosha. Kwanza tulienda sokoni na maneno tu: «Tunataka rezistansi ya furu.» Walitucheka. Muuzaji mmoja alitufundisha: kila kwizinyeri ina kibandiko au kibati cha namba, mara nyingi kwenye ukingo wa mlango wa furu unapoufungua, au nyuma ya droo ya chini. Jina la kiwanda peke yake halitoshi, kwa sababu kiwanda kimoja kina mashine za kila namna. Tulipiga picha ya kibati, tukatoa rezistansi mbovu, tukaipima kwa utepe wa mshonaji: urefu, upana, nafasi kati ya misumari miwili, nafasi kati ya matundu ya skrubu. Tangu siku ile hatukucheka tena utepe wa mshonaji. Plaki za juu ni rahisi zaidi, kwa sababu vipimo vyake vinafanana kwa viwanda vingi: ndogo ni milimetri 145, kubwa ni 180. Ya furu haina huruma, inapita sentimetri moja na mlango haufungi.

Kwa ndugu aliye Ubelgiji tungeweza kuagiza mpya, lakini kungoja mtu anayesafiri ni miezi, na proklamasio ilikuwa imebaki majuma matatu. Tulipata moja kwenye kiwanja cha mtu anayevunjavunja mashine zilizokufa. Ilikuwa chini ya mabati, nje, katikati ya mafriji. Vipimo sawa, omu 44 na kidogo. Tulifurahi, tukalipa dola kumi na mbili, na kijana yuleyule wa kwanza akatufungia, kwa sababu mzee alikuwa mgonjwa na sisi tulikuwa na haraka.

Keki zikaiva. Lakini ukigusa mlango wa furu kwa mkono wenye maji, ulikuwa unasikia kitu kama sisimizi wanatembea kwenye vidole. Wote watano tulikisikia. Tulikicheka. Tulisema, «Kura inatutekenya.» Mama wa mapacha alianza kufungua mlango kwa kitambaa kikavu, tukaona ametosha akili. Juma zima tulifanya hivyo, wanawake watano wenye watoto, wawili kati yetu tukiwafundisha wana wa watu darasani kwamba maji na umeme havipatani.

Siku ya alhamisi binti wa mshonaji, wa miaka saba, aliingia kutafuta maji ya kunywa. Sakafu ya simenti ilikuwa imemwagikiwa maji, naye hakuvaa viatu. Alishika mpini wa furu. Hakuweza kuachilia. Tunamshukuru Mungu kwamba mama wa mapacha alikumbuka asimshike mtoto. Alikimbilia dijonkteri ukutani, akaishusha. Mtoto alianguka, akalia, na kule kulia ndiko kulikoturudishia roho. Vidole viwili viliungua kidogo. Kwenye kituo cha afya walimweka mpaka jioni kuangalia moyo wake.

Mshonaji alisema tuiuze usiku huohuo. Hatukumjibu. Ni nani angemjibu?

Mzee alikuja asubuhi akijifunika koti, bado ana homa. Alipima kati ya msumari wa rezistansi na ganda lake la chuma. Pale hapapaswi kupita kitu. Palikuwa panapita. Alitueleza kwamba ndani ya ganda, kuzunguka waya unaopata moto, kuna unga mweupe unaozuia umeme, na unga huo unapenda maji. Rezistansi iliyolala nje kwenye mvua huvuta unyevu, na umeme unapata njia mpaka kwenye bati la kwizinyeri. Kisha akaonyesha la pili, na hilo lilikuwa letu tangu siku ya kwanza: waya wa udongo, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma, kwa sababu prizi ya ukutani haikuwa na pa kuufungia. Kama ungekuwa umefungwa kwenye udongo, umeme uliotoroka ungepitia huko kuliko kupitia mtoto.

Hakututukana. Tungependa angetutukana.

Rezistansi tuliitoa, tukaikausha siku mbili kwa joto dogo la mbabula, tukaipima tena: kati ya msumari na ganda hapakupita kitu. Nje ya ukuta, mahali maji ya kufulia yanapomwagika na udongo haukauki, mzee alipigilia fimbo ya shaba karibu metri mbili, akaleta waya mpaka kwenye bati la kwizinyeri. Kwenye dijonkteri aliongeza kifaa kinachokata umeme mara tu unapotoroka kiasi cha miliamperi 30. Kifaa hicho kiligharimu kuliko rezistansi mara tatu. Mshonaji ndiye aliyetoa sehemu kubwa, na hakutaka tumrudishie. Alibadilisha pia waya mbili za ndani ambazo kijana alikuwa ameweka za kawaida, zimeanza kuyeyuka. Karibu na moto panahitajika waya wenye ganda la kuvumilia joto.

Kwa proklamasio tulioka keki nane kwa umeme, na nne za mwisho juu ya makala, ndani ya sufuria yenye mchanga, kwa sababu umeme ulikatika saa tisa. Binti wa mshonaji alipata asilimia 71. Haingii jikoni mle mpaka leo, anasimama mlangoni na kuomba maji, na sisi tunamletea.

Imebaki plaki moja ndogo ya nyuma. Inapata moto kwenye namba 3 na kwenye 1 haipati, maana ndani yake kuna rezistansi zaidi ya moja na moja imekatika. Tunatafuta ya milimetri 145, yenye misumari minne chini. Mwenye kwizinyeri iliyokufa nyumbani asiitupe. Atuambie kwenye mkutano wa alhamisi, tutakuja na multimetri na utepe.