Mama Yetu na Usiku wa Msituni

Sisi tuishio Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, twaujua Juni kuwa ni mwezi wa kufungiwa ndani. Joto hupita nyuzi 40, na watoto hushinda mbele ya kiyoyozi kama wagonjwa. Lakini ukiendesha gari saa nne hivi kuelekea kaskazini, nchi hupanda hadi zaidi ya mita 2,000, misonobari husimama kando ya barabara, na usiku mtu hutafuta blanketi. Huko ndiko tulikoazimia kumpeleka Mama, aliyetoka Tanga kuja kuwaona wajukuu wake. Bei za hoteli zilizo karibu na Grand Canyon hazikuwa za mifuko yetu. Tukamwambia kwamba tutalala msituni, yeye ndani ya gari, bila kulipa chochote.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, mmenivusha bahari nije kulala porini kama mkimbizi?"

Swali hilo lilitupa kazi ya wiki tatu. Kwake yeye, mtu mzima kulala garini ni dalili ya kukosa jamaa wa kumpokea, nasi hatukuona kwamba amekosea. Hatukumbembeleza kwa maneno. Tulichukua kila jambo ambalo lingeweza kumvunjia heshima au kumsumbua mwili, tukalitafutia dawa kabla ya kuondoka nyumbani.

La kwanza lilikuwa haki ya kuwepo mahali pale. Ndani ya hifadhi ya taifa ya Grand Canyon hulali ila kwenye kambi rasmi na kwa malipo, kama ilivyo katika hifadhi zetu za Tanzania. Lakini hifadhi hiyo imepakana na msitu wa taifa wa Kaibab, wenye sheria nyingine. Huo ni ardhi ya umma, na mtu yeyote aweza kupiga kambi katika sehemu zake nyingi bila ada, kwa muda usiozidi siku 14. Ofisi za msitu hutoa bure ramani ya njia zinazoruhusiwa magari. Familia ya wageni, yenye wanawake waliojistiri, haifai kubahatisha gizani katika nchi ya watu. Mlinzi wa msitu alikuja kweli jioni ya pili, na alilouliza ni moto tu, kwani wakati wa ukame kuni mara nyingi hupigwa marufuku. Alipoona jiko letu la gesi alitutakia usiku mwema akaenda zake.

Kitanda hakikuwa kigumu. Viti vya nyuma vya gari letu hukunjwa vikazama sakafuni, na juu yake tuliweka ubao na godoro la sponji lililosafiri juu ya paa. Mama alilala humo na mjukuu wake wa kike. Sisi na kijana wetu tulikuwa kwenye hema kando. Tulibeba vipande vya mbao vya kuweka chini ya magurudumu, maana mteremko mdogo tu humfanya mtu ateleze usiku kucha. Kanga zilikuwa pazia. Madirisha mawili yaliachwa wazi kiasi cha vidole viwili, yakiwa na chandarua, kwa kuwa pumzi za waliolala hulowesha vioo hadi vikadondosha maji. Kuwasha injini au jiko ndani ya gari kwa ajili ya joto tulikukataa kabisa: kaboni monoksidi haina harufu, na huua watu usingizini. Mama alipewa chupa ya mpira yenye maji ya moto, akaiweka miguuni.

Sasa tuseme wazi lile ambalo wasimulizi wa safari hulikwepa. Kilichomtia Mama hofu hakikuwa wanyama. Kilikuwa choo. Ana magoti mabovu, hawezi kuchuchumaa nyuma ya mti, na wala hatukutaka ajaribu. Tulinunua ndoo yenye kiti na mfuniko, pamoja na hema jembamba la kusimama, tukalisimamisha hatua kumi kutoka mlango wa gari, ndani mna taa, sabuni na kopo la maji. Ndoo ilitiwa mifuko maalumu yenye unga wa kugandisha uchafu, ambayo hufungwa na kupelekwa jalalani. Sisi wengine tulitumia sepeto: shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na maji na njia za watu. Kwa maoni yetu, hema lile la choo lilikuwa na thamani kuliko vyombo vingine vyote tulivyobeba. Siku alipoliona limesimamishwa uani kwetu kwa majaribio, Mama alianza kuuliza habari za safari.

Maji nayo yalihitaji hesabu. Tulikadiria lita 4 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, na nyingine 4 za udhu, usafi na vyombo. Watu watano kwa siku tatu ni lita 120, yaani kilo 120 juu ya gari lililokwisha kujaa. Tukachukua madumu matatu ya lita 20, na mengine tukayajaza ndani ya hifadhi tulipokwenda kulitazama korongo. Mama ndiye aliyetufundisha wajukuu na sisi kutawadha kwa kikombe kimoja kikubwa, akikumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kiasi cha mudi moja tu. Kibla huku ni kaskazini-mashariki, naye aliyezoea kuelekea kaskazini kule Tanga hakulistaajabia hilo hata kidogo. Aliloshangaa ni nyota.

Asubuhi ya tatu, tukikunja hema, aliuliza tumebakiwa na siku ngapi katika zile 14.

Ameshasafiri kurudi Tanga. Majira ya baridi tunakusudia kwenda na watoto upande wa Quartzsite, jangwani, ambako pia kuna ardhi ya umma. Huko hakuna misonobari wala kivuli, na upepo ni mkali. Tunatafuta kamba na mambo madhubuti zaidi kwa ajili ya lile hema la choo.