Kismayu Juu ya Mlango Mkuukuu

Mtu akijaliwa kupata treni ndogo ya kielelezo, kinachomshughulisha si treni yenyewe bali ni mji wa kuipitisha. Treni bila mji ni bati linalozunguka tu. Hayo niliyatambua nilipoletewa zawadi na ndugu yangu aliyekuwa akifanya kazi Uswisi: kichwa kimoja cha treni, mabehewa matatu ya mizigo, na sanduku la reli zenye upana wa milimita 12. Kila kitu kimepunguzwa mara 87. Meza sikuwa nayo, ila nilikuwa na mlango mkuukuu wa jikoni, urefu wake mita 2 na upana sentimita 80. Nikaulaza juu ya viti viwili hapa nyumbani Mombasa.

Aliyepata kuwa mwalimu haachi hesabu, hata akiwa ameihama chaki na kuhamia mafaili. Mlango ule ukiuzidisha mara 87 unapata ardhi ya mita 174 kwa mita 70 hivi, yaani kiwanja cha mpira na nusu yake na kipande. Kona kali kabisa ya reli zile hutaka duara la sentimita 66. Basi treni ikizungushwa itaumeza upana wote wa mlango, na nyumba zitajengwa wapi? Ikanilazimu kutafuta mji ambao reli yake huenda na kurudi kwa njia ile ile, mji ambao njia hukomea baharini.

Katika pwani yetu miji ya namna hiyo ipo. Mombasa ya zamani ilikuwa na vigari vidogo vilivyokwenda juu ya reli nyembamba, abiria ameketi chini ya kitambaa cha kivuli na watu wakimsukuma kwa nyuma. Hilo sikulipenda, sitaki watoto wangu wacheze mchezo wa kusukuma mabwana. Unguja ilikuwa na reli ya maili 7 iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905, kutoka mjini hadi Bububu, ikipita karibu kabisa na milango ya watu. Mwenye mlango kama wangu na asiye na neno jingine moyoni, namshauri achague hiyo. Somalia nayo ilikuwa na reli ya Waitaliano, kilometa zipatazo 114 kutoka Mogadishu hadi Jowhar, iliyojengwa miaka ya 1920. Waingereza waliing'oa baada ya kuiteka nchi katika vita mwaka 1941.

Lakini mimi nilikuwa na neno jingine moyoni. Mama mkubwa tunayekaa naye nyumbani alizaliwa katika kisiwa cha Chula, akaolewa Kismayu, na mwaka 1992 akafika Mombasa kwa mashua pamoja na Wabajuni wengine waliokimbia vita. Watoto humwuliza kwao ni wapi, naye huonyesha kidole upande wa kaskazini, ambako kuna ukuta wa jirani.

Kismayu inafaa sana kwa kazi hii. Bandari yake imejengwa katika kilichokuwa kisiwa, nacho kimeunganishwa na bara kwa tuta jembamba la mawe. Tuta kama hilo ni zawadi kwa mwenye meza nyembamba: upande huu bahari, upande huu bahari, katikati njia moja tu. Gati lilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, na urefu wake unapita mita 600. Nikalipigia hesabu, nikaona lingetaka karibu mita 7, yaani litoke sebuleni, livuke ukumbi na kuingia chumbani kwa jirani. Nikakata kipande cha kutosha meli moja ndogo. Mji hali kadhalika: bohari mbili, msikiti, nyumba sita za mawe na za makuti, basi. Na ni lazima kuchagua mwaka, kwa sababu mji usio na mwaka haujulikani uvae nguo gani. Nilichukua miaka ya 1970, baada ya gati na kabla ya vita.

Sasa msomaji makini ameshaniuliza: Kismayu ilipata treni lini? Reli ya Mogadishu haikufika huko, wala ile ya Kenya. Nikajitetea kwamba sababu ya reli ilikuwapo. Ndizi za bonde la Mto Juba, kutoka mashamba ya Jamaame, zilipakiwa melini katika bandari hiyo, na ndizi ni mzigo usiopenda kungoja. Hata upana wa reli niliuchunguza. Hadi mwaka 1925 Kismayu ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya, ambako reli ilikuwa ya meta moja. Baadaye ikawa ya Waitaliano, ambao reli yao ya Mogadishu ilikuwa na upana wa milimita 950. Ukizipunguza mara 87 zinapishana kwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Mkataba mzima wa wakubwa wale, uliohamisha watu na visiwa vyao kutoka serikali moja kwenda nyingine, juu ya mlango wangu hauonekani kwa macho.

Nilipomaliza kuchonga na kubandika nilimwita mama mkubwa. Alitazama kimya, akagusa mnara wa msikiti. Kisha akasema, "Mwanangu, bahari iko wapi?"

Nikamwonyesha ukanda wa buluu wa vidole vinne.

"Hiyo ni mtaro. Na hili gari lako, watoto watadhani tulikuwa nalo. Tungekuwa nalo, tungeondokea baharini?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa siku kadhaa bila kuugusa mlango ule, nikijiona kama mwalimu aliyefundisha somo la uongo na kulitilia alama ya vema. Mwishowe nikabandua nyumba nne na bohari moja. Nusu ya mlango sasa ni bahari. Visiwa havikuweza kuingia, maana kila kilometa moja ya maji ingetaka zaidi ya mita 11. Koyama, Chovai na Chula nimevichora kwenye ubao wa nyuma, kwa mfuatano wake kuelekea kusini. Mama mkubwa alinifutisha mara tatu. Kwanza nilivichora kama vilima, ilhali ni visiwa vya matumbawe, vilivyolala chini. Mtu akiwa mbali huona mstari tu.

Na reli? Sikuitupa, kwani watoto wangelia, na mimi pia. Ila nimeing'oa misumari. Imelazwa tu juu ya tuta, vipande vinne, mtoto wa miaka sita anaweza kuinyanyua. Ikiwekwa, ni mchezo wa ndizi za Jamaame. Ikiondolewa, linabaki tuta, na barabarani lori nililolitengeneza kwa kopo la maziwa, maana ndizi zile zilifika bandarini kwa malori. Watoto wanajua kipi kilikuwapo na kipi tumekiongeza, na mgeni akija humweleza kabla hajauliza.

Bado nadaiwa winchi moja ya gatini, na rangi ya buluu imeniishia kabla ya kufika ukingo wa mlango. Mashua moja ipo tayari, tanga lake ni kipande cha leso. Niliielekeza gatini, kama inayoleta samaki. Kila asubuhi naikuta imegeuzwa kuelekea Chula.