Pikipiki ya Baba na viraka visivyo na maelezo

Najua baadhi yenu mmekuja kutafuta mwendelezo wa somo la hifadhidata. Litakuja wiki ijayo, niwieni radhi. Leo naandika kuhusu mashine isiyo na chipu hata moja: Yamaha DT125 ya marehemu baba.

Baba alikuwa bwana shamba kule Taita. Pikipiki hii ndiyo iliyompeleka kutoka Wundanyi hadi vijiji vya milimani ambako gari halikupita wakati wa masika. Alipofariki mwaka 2009 ilisukumwa kwenye banda la mbuzi ikasahaulika. Mwaka jana kaka yangu alileta mnunuzi wa vyuma chakavu, na malipo ya awali akapokea. Mama hakusema ndiyo wala la. Aliwaambia wasubiri hadi Krismasi, kisha akanipigia simu kuniuliza kama nimekula. Mama huwa haombi kitu waziwazi. Nikaelewa.

Basi ikawa kila mwezi wikendi moja napanda treni hadi Voi, halafu matatu, mkoba umejaa spana badala ya kompyuta.

Nyie mliowahi kurithi programu ya mtu aliyeacha kazi bila kuandika maelezo mtanielewa. Kila boliti niliyofungua ilikuwa na kiraka cha Baba. Kiti kimeshonwa kwa uzi wa katani. Fimbo ya breki ya nyuma ni nondo iliyokunjwa. Pistoni ya kiwandani ya injini hii ina kipenyo cha milimita 56, lakini niliyoikuta imepigwa mhuri wa 0.50, maana yake silinda ilishachongwa na kupanuliwa nusu milimita. Hakuna aliyejua lini.

Kiraka kilichonitoa jasho ni cha oili. Injini ya DT ni ya mipigo miwili. Haina oili inayokaa chini kama injini za bodaboda za siku hizi. Oili huingia pamoja na petroli, hulainisha, halafu huungua na kutoka moshi wa bluu. Yamaha walianza mwaka 1964 kuweka tangi dogo la oili na pampu inayoipima yenyewe, mfumo wanaouita Autolube. Kitabu cha DT kinasema jaza tangi hilo, uende zako. Lakini nilipofuata mpira wa oili kwa kidole, nikakuta umezibwa kwa skrubu, na pale penye pampu pamefunikwa kwa kipande cha bati. Baba aliing'oa! Ningefuata kitabu, injini ingewaka vizuri kwa dakika chache, kisha pistoni ingeng'ang'ania silinda, na yule wa vyuma chakavu angepata mali yake.

Kwa hiyo alikuwa akichanganya mwenyewe. Kwa kipimo gani? Nikamuuliza Mama, bila matumaini makubwa. Hata hakuacha kuchambua mboga.

"Kile kikombe cha bati cha bluu. Kimoja kwa mtungi wa lita tano. Nilimgombeza sana, kilikuwa kikombe changu."

Kikombe bado kipo. Nilikipima kwa maji: mililita 200. Hiyo ni moja kwa ishirini na tano, hesabu safi kabisa. Oili yenyewe niliipata kwa muuza misumeno ya mnyororo, maana kwa wauza spea za bodaboda walinishangaa.

Pampu nyingine ningeweza kuiagiza kwa intaneti. Sikuiagiza. Fundi wa Voi alitaka pia kunyoosha tangi na kupaka rangi; tukabishana karibu saa nzima. Nilikubali kubadilisha tairi, nyaya, ringi, na ile nondo ya breki, kwa sababu mlima ule hauna mzaha. Uzi wa katani umebaki.

Tarehe 22 Desemba ilikubali kwa teke la kumi na moja. Uwanja mzima ukajaa moshi, mbuzi wakakimbia. Mama alitoka jikoni mikono ina unga, akasimama akisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akasema, "Zima, unamaliza petroli."

Kaka amerudisha pesa za watu. Taa ya mbele bado haiwaki. Natafuta balbu ya volti 6. Mwenye nayo anijulishe.